Mkongojo wa Hajji Sufian

Wasikilizaji wapendwa, kaeni nasi tumkumbuke Hajji Sufian wa Kibuli, dereva wa serikali. Mguu wake uliumia akiwa kazini. Narudia: akiwa kazini, gari lilipopinduka.

Mguu ule haukunyooka tena, akawa anatembelea mkongojo. Akastaafishwa. Pensheni ya kawaida alipata, lakini matibabu ya mguu yalingoja nyongeza ya ulemavu. Na nyongeza hiyo haitoki mpaka jopo la madaktari limwone mtu, lipime ameumia kiasi gani.

Siku ya jopo, bintiye Sumayiya, muuza nguo wa soko la Owino, alimchagulia koti zuri kuliko yote mezani kwake. Akalipiga pasi. Jirani yao Farouk alipowaona wakipanda boda, akapaza sauti, "Hajji! Unaongeza mke?"

"Nyamaza wewe, nakwenda kuposa pensheni!"

Walipofika mlangoni, Sumayiya akamnyang'anya mkongojo. "Baba, huwezi kuingia kwa watu wakubwa umeegemea gongo kama mwombaji."

"Mwanangu, mguu huu..."

"Hatua chache tu, Baba. Usituaibishe."

Akaingia bila mkongojo. Jasho likamtoka. Daktari akauliza, "Mzee, hali yako?" Akajibu kama tulivyolelewa wote: "Njema, alhamdulillahi."

Jopo likaamua ulemavu wake ni mdogo. Nyongeza akakosa.

"Hakunigombeza," Sumayiya anasema. "Alinishika bega, akasema koti limempendeza. Afadhali angenigombeza."

Wakakata rufaa, wakangoja. Mguu ukazidi kuvimba. Hajji akawa wa kitandani, na kitandani ndiko alikofia. Jopo lilipomwita tena, alikuwa ameshazikwa.

Sumayiya alikwenda peke yake. Daktari akachungulia nyuma yake. "Mzee mwenyewe yuko wapi?"

Akauegemeza mkongojo kwenye kiti kitupu. "Safari ile niliuacha nje," akasema. "Leo nimekuja nao."

Mama Mwanawetu, mjane wa Hajji, pole sana. Sumayiya, pole, dada. Mungu amlaze mzee wenu pema. Nasi tuliobaki tujiulize ni mara ngapi tumeficha maumivu ya wazee wetu, tukaita heshima. Sumayiya alitaka kusema haya mwenyewe, kisha akaniomba niyaseme kwa niaba yake: mzazi wako akiitwa mbele ya jopo, mwache aingie vile anavyoamka asubuhi.