Mzee Shitanda, Fundi wa Magurudumu ya Spoki

Ijumaa, tarehe 29 Juni 1979, Mzee Josphat Shitanda atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka kumi na tisa katika Gereji ya Jayantilal hapa Kisumu. Mafundi wa injini tunao wengi, na kelele zao mnazijua. Fundi wa magurudumu ya spoki alikuwa mmoja tu.

Aliajiriwa mwaka 1960, wakati mtaa wa Milimani ulikuwa na magari madogo ya fahari ambayo wenyewe waliyapenda kuliko nyumba zao. Unyevu wa ziwa haukujali fahari hiyo. Mzee aliosha kila spoki kwa mswaki na mafuta ya taa, akaikausha, kisha akaipaka mafuta mepesi. Meno ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, aliyapaka girisi. Nati kubwa ya katikati aliigonga kwa nyundo ya shaba tu, ili kromu yake inayong'aa isiumie, na aliyethubutu kushika nyundo ya chuma alikiona cha mtema kuni.

Wenye magari walipokwenda likizo ndefu, alifunika kromu yote kwa vaselini. Aliinunua sokoni Kibuye kwa Mama Nabututu, ambaye kwa wingi wa mikebe aliamini nyumba ya Mzee imejaa watoto wachanga, akawa anamwongezea mkebe mdogo wa bure. Tulicheka sana. Mzee hakumsahihisha, ingawa yeye na mkewe, Metrine, hawakujaliwa mtoto.

Mwaka 1967 alifufua gari la MG la daktari mmoja, lililokuwa limeachwa bandani mpaka kutu ikala magurudumu. Alifungua spoki zote, arobaini na nane kwa kila gurudumu, akazisugua kwa msasa na kuzirudisha moja moja. Mwajiri wetu, Bwana Rasik, aliliendesha mwenyewe hadi Kisian na kurudi, na usukani haukutikisika hata kidogo.

Sasa nimefika mahali ambapo ningependa kuruka. Fundi anaponyosha gurudumu la aina hii hugonga kila spoki na kusikiliza. Iliyolegea hutoa sauti nzito. Kwa hiyo tukawa na desturi: Mzee akiketi na gurudumu, hakuna kumsemesha, hata salamu. Ilianza kama heshima kwa kazi yake. Polepole ikawa hatumsemeshi hata saa ya chai, na tukakubaliana wenyewe kwamba ni mtu wa kupenda upweke.

Asubuhi moja ya Mei 1971 aliketi na gurudumu mapajani saa nne nzima bila kuligonga. Tulipita kwa kunyata. Gordon wa ofisini alipompelekea karatasi ya kazi ndipo alipoona telegramu chini ya mkono wa Mzee. Metrine alikuwa amefariki tangu jana yake, nyumbani kwao Khayega. Bwana Rasik alimpeleka kwa gari lake siku hiyohiyo. Mzee aliporudi kazini tuliona aibu, na kwa aibu hiyo tukazidi kunyamaza. Mimi nilikuwa mmoja wao, na ninajuta.

Wiki iliyopita, nikikusanya habari za kuandika hapa, nilimuuliza kwa nini hakutuambia kitu miaka yote ile. Alifuta mikono kwa kitambaa, akajibu bila hasira: “Hii spoki unasikiliza dakika kumi tu, Laban. Ile siku ingine yote iliyobaki, mimi nilikuwa naweza ongea.”

Mzee, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kila gurudumu lililozunguka sawa, na utusamehe. Uende na afya njema, shamba likupe chakula, na majirani wa Khayega wawe na midomo kuliko sisi.

Jumamosi nitampeleka huko kwa pikapu ya gereji. Nilimwomba nilale hadi Jumapili, tuzungumze. Akaniambia nije na blanketi langu, kwa sababu tangu Metrine aondoke, ile nyumba ina moja tu.

Laban Waliaula
Stoo ya Vipuri