Mbuzi Alitangulia Karatasi

Ndugu zangu wa Ishiara, mama zangu, wazee, nimewaletea salamu za Ruiri. Mtanivumilia niongee Kiswahili. Kimeru changu na Kimbeere chenu ni ndugu, lakini ni ndugu wa mama mbalimbali, na leo sitaki neno lipotee njiani. Mwenyekiti wenu aliniomba nije niwaeleze jinsi kikundi chetu kilivyopata tangi la kupozea maziwa. Nikamwambia nitakuja, ila nitaanza na jinsi nilivyokaribia kulipoteza. Sitamtaja mtu jina. Mwenye makosa ni mmoja tu, naye ndiye huyu mnayemtazama.

Wakati huo nilikuwa mwenyekiti. Maziwa ya asubuhi tuliuza, ya jioni yaliharibika. Mwekahazina wetu, mama mjane, alikuwa akiwamwagia mbwa maziwa ambayo yangemsomesha mjukuu. Ndipo ikaja kampuni ya maziwa. Wakasema: tutaleta tangi, na tutaleta stima, maji na barabara ya changarawe hadi mlangoni. Nyinyi toeni kiwanja, mjenge nyumba. Kuanzia mlangoni kuingia ndani gharama ni yenu, kuanzia mlangoni kutoka nje ni yetu. Kiwanja chetu kilikuwa sokoni, kando ya lami, na nguzo za stima ziko karibu. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanachama wetu, alitusomea kila kifungu kwa Kimeru, tukatia sahihi.

Ningeacha mambo hapo, leo nisingekuwa na la kushuhudia.

Marehemu baba yangu aliniachia shamba bondeni, kama kilomita mbili kutoka lami. Nikaanza kujiuliza, kwa nini maziwa ya watu wote yaende sokoni, yasije shambani kwa baba? Nikawaona akilini wamepanga foleni asubuhi na mitungi yao, nami nimesimama mlangoni nikiwapokea. Yalikuwa majivuno matupu, nawaambia. Kikundi nikakidanganya kwamba sokoni kuna wezi, kwangu tangi litakuwa salama. Wakaniamini.

Maafisa wa kampuni walipokuja kukagua, nikachinja mbuzi. Nyinyi hamhitaji kuelezwa, mgeni hazungumzi kazi na tumbo tupu. Walikula wakashiba, kisha nikawateremsha bondeni nikawaonyesha kiwanja kipya. Afisa mmoja akaniuliza mara mbili, "Mzee, una hakika ni hapa?" Nikasema ndiyo. Akatoa karatasi garini, ukurasa mmoja tu. "Hii ni ya kubadilisha mahali. Isome, halafu utie sahihi."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mtu amekula mbuzi wako, mafuta bado yako midomoni mwake, utavaa miwani uanze kupekua karatasi yake mbele ya macho yake? Nilivyolelewa mimi, huko ni kumwambia mgeni kwamba ni mwizi. Nikatia sahihi juu ya boneti ya gari, sikusoma hata mstari, nakala yangu nikaitia mfukoni. Na hakuna aliyenionea. Yule mtu aliniambia nisome.

Tukajenga. Kila boma lilileta mawe, akina mama wakateka maji ya kukorogea simiti. Siku ya tangi kufika, lori likasimama pale juu kwenye lami, likakataa kushuka. Dereva akauliza barabara iko wapi, stima iko wapi. Nikampigia meneja simu. Akanijibu kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko matusi: "Mzee, si mlibadilisha mahali? Nguzo, mabomba na barabara kutoka lami hadi mlangoni sasa ni zenu. Msipomaliza kwa miezi sita, tangi linarudi."

Kilomita mbili za nguzo, ndugu zangu. Nilikaa chini kando ya barabara kama mtu aliyefiwa.

Tangi tukaliweka nyuma ya duka moja, tukalifunika turubai. Wanachama nikawaambia stima imechelewa kidogo. Kila Jumapili walikuwa wakiniuliza, kila Jumapili nikawa na uongo mpya, hadi nikaacha kwenda kanisani. Nikauza ng'ombe wawili kwa siri, nikidhani nitaanza kulipia nguzo mwenyewe. Pesa hazikutosha hata nguzo za kufika mtoni. Mke wangu alipouliza ng'ombe wako wapi, nikamtolea neno ambalo sikuwahi kumtolea tangu tuoane. Halafu nikatoroka. Mtu mzima, mwenye wajukuu! Nikaenda Meru mjini, nikapanga chumba mtaa wa Majengo, nikawa mbeba nyama wa mwenye bucha mmoja, Mwislamu, mtu wa maneno machache.

Asubuhi moja friji ya bucha ikazima. Mwenye bucha akamwita mwenye nyumba. Nilijua watagombana, nikakaa tayari kuwaamua. Wakatoa karatasi yao ya kupangisha, wakaifuata kwa kidole. Waya kutoka nje hadi kwenye mita ni wa mwenye nyumba, kutoka mita kuingia ndani ni wa mpangaji. Fundi akaangalia, akakuta waya umeungulia ndani. Mwenye bucha akamlipa fundi, kisha yeye na mwenye nyumba wakakaa wakanywa kahawa. Basi! Mimi nikaenda nyuma, nikalia katikati ya nyama.

Mwenye bucha alinikuta pale. Nikamweleza yote. Alinisikiliza akinoa kisu, mwisho akauliza, "Mzee wangu, na hiyo karatasi, mpaka leo umeisoma?"

"Bado. Naiogopa."

"Basi unakimbia kitu usichokijua. Rudi nyumbani ukaisome. Na usiisome peke yako."

Akanipa nauli, akanifungia na kilo mbili za nyama nimpelekee mke wangu.

Mke wangu alifungua mlango, akaniangalia kutoka juu hadi chini. "Umekonda," akasema. "Ingia." Kesho yake yeye mwenyewe alizunguka kuita wanachama. Nikasimama mbele yao, nikasoma ile karatasi kwa Kimeru, kwa mdomo wangu. Wengine walinifokea. Mmoja alitema mate chini akatoka nje. Nilistahili.

Mwalimu mstaafu akanipokonya karatasi. "Hukumaliza," akasema. "Kuna mstari chini ya sahihi yako." Akausoma: kikundi kikirudi mahali pa kwanza kabla ya miezi sita kwisha, mkataba wa kwanza unasimama kama ulivyokuwa. Ndugu zangu, wokovu wetu ulikuwa mfukoni mwa shati langu muda wote huo. Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Ndipo mwekahazina akainuka, yule mama wa maziwa ya mbwa. "Nyumba ni mawe," akasema. "Yalishuka, yatapanda."

Tukaibomoa jiwe kwa jiwe. Punda walibeba, mikokoteni ilibeba, migongo ilibeba. Wiki ya kwanza hakuna aliyenisemesha. Wiki ya pili mwekahazina akanipita mlimani na jiwe lake, akageuka. "Hilo lako ni dogo, mwenyekiti wa zamani." Watu wakacheka, nami nikacheka huku machozi yananitoka, maana nilijua nimerudishwa nyumbani. Nyumba ilisimama kando ya lami zikiwa zimebaki siku nne. Kampuni ikaleta nguzo, bomba na changarawe hadi mlangoni, kama ilivyoandikwa.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, mwalimu, mwekahazina, na yule mwenye bucha, ambaye hakunidai chochote. Uenyekiti sikurudishiwa, na sikuuomba. Nilipewa kazi ya kusoma. Karatasi yoyote ikija, naisoma mbele ya watu wote hadi chini ya sahihi, ndipo sufuria liwekwe motoni. Maana barabara lazima mtu ailipie. Msipouliza mapema ni nani, mtajua siku mtakapokuwa na mawe mgongoni.

Sasa, nimeambiwa watu wa kampuni ya maembe wanafika saa nane kwa ajili ya ile stoo ya baridi. Nimeuliza karatasi iko wapi, nikaambiwa watakuja nayo, itatiwa sahihi baada ya chakula. Na harufu ya mbuzi naisikia kutoka hapa nilipo.

Mwenyekiti, ndugu yangu, nakuomba mbele ya watu wako. Ondoa nyama motoni. Miwani yangu ni hii, nimekuja nayo.