Nong Dulo na Ukoko wa Saa Sita

Wasikilizaji wapendwa, amani iwe nanyi. Kama umebandika wali, nenda kapunguze moto kwanza, tutakungoja. Leo tunamkumbuka mtu aliyeunguza wali karibu miaka miwili mfululizo, na kwa hilo akapendwa na watu mia mbili.

Jina lake Teodulo Palmares, fundi wa viti vya mwanzi hapa mjini kwetu Oton. Sisi wadogo kwake tulimwita Nong Dulo, yaani kaka Dulo. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na mmoja. Narudia kwa waliochelewa kuwasha redio: ni Nong Dulo, fundi wa viti, amefariki Jumanne.

Mkewe, dada yetu Nang Charing, alitangulia miaka mitatu iliyopita. Katika ndoa yao ya miaka arobaini, Nong Dulo hakuwahi kubandika sufuria. Wiki ya kwanza ya ugane aliishi kwa biskuti na kahawa. Mimi ni mjane, najua. Jikoni ndiko kunakouma zaidi.

Siku ya nane akapika wali, ukaungua. Akaupiga picha kwa simu ya marehemu, amtumie dadake, amuulize kama unalika. Miwani hakuvaa. Picha ikaingia kwenye kundi la Nang Charing la mtandaoni, liitwalo Ukoko Wetu. Nami nimo humo, na sote tulijua ni mumewe. Tunaonyeshana ukoko wa sufuria zetu, tunataniana, basi. Sheria ni moja tu: jiko la umeme la wali marufuku, maana halitoi ukoko.

"Huo ni ukoko au lami ya barabara?" akauliza Bebot, dereva wa bajaji.

"Chini mkaa, katikati mchele, juu uji," akaandika Nang Pacing wa kisiwa cha Guimaras, msimamizi wetu na hakimu wetu. "Sufuria moja, vyakula vitatu! Nong, wewe ni hoteli."

"Samahani, nimekosea namba," akajibu Nong Dulo. "Lakini unalika?"

"Kula wa juu. Kesho saa sita tuletee mwingine. Usipoleta, tunakuja."

Tangu siku hiyo jina lake likawa Hoteli. Kila saa sita mchana, kengele ya kanisa ikilia, Bebot anaandika: "Hoteli imefunguliwa?" Picha ikichelewa dakika kumi: "Hoteli, wageni wana njaa!"

Tulicheka sana, wasikilizaji. Lakini mimi nilizitazama zile picha vizuri. Wali na chumvi. Kesho, wali na chumvi. Na mkono ulioshika sufuria ulikuwa mwembamba. Nikamwandikia Nang Pacing pembeni, "Mtu huyu hali kitoweo." Akanijibu neno moja, "Niachie."

Mwaka wa pili Nong Dulo akajua kupika. Wali ukatoka mweupe, unachambuka. Basi akaogopa! Alidhani tutamtoa kundini. Akawa anauacha motoni kusudi, saa mkononi, mpaka uungue. Bebot akamgundua.

"Jamani, ukoko huu umeungua sawasawa mno. Huu ni wa kupangwa!"

"Hoteli, unakiri?" akauliza hakimu.

"Nakiri, Nang. Msinifukuze. Sina wengine wa kula nao."

Kisha hukumu ikaja: "Kuanzia kesho, picha iwe na samaki na mboga. Ukoko mtupu mahakama haiutambui."

Kesho yake tuliona samaki. Mdogo, ameungua upande mmoja, lakini samaki. Mwezi haukuisha, tukaona na malenge.

Jumanne picha haikuja. Saa sita na robo: "Hoteli?" Saa sita na nusu: "Nong, wageni wana njaa." Hakuna aliyecheka. Bebot akageuza bajaji na abiria wake ndani. Akamkuta Nong Dulo kitini, mwanzi mapajani, ametulia. Mchele ulikuwa umeshaoshwa.

Msibani watu walitoka visiwa vitatu. Nang Pacing, tuliyemwogopa miaka yote, kumbe kimo chake hakinifiki begani. Na kwapani amebana jiko la umeme!

"Hakimu! Miaka yote hii?" Bebot akapiga kelele.

"Nina watu hamsini wa kulisha. Nyamaza, shika waya."

Kicheko kile kilimkasirisha Arlyn, binti wa marehemu, aliyetoka Cebu anakofanya kazi. Watu gani hawa wanacheka mbele ya jeneza? Akaingia chumbani na simu ya mamake, akasoma yote. Alipotoka, macho mekundu, alituambia, "Nilimpigia kila Jumapili. Namuuliza, Tay, baba yangu, umekula? Anasema amekula, nami naamini. Ninyi mlimdai ushahidi."

Kwako Arlyn, na kwa ndugu wote wa Palmares, poleni sana. Bwana ampokee Nong Dulo mezani pake.

Nasi tuliobaki, tufikiri. Yuko mtu ambaye ukimuuliza kama amekula, hujibu ndiyo upesi mno. Usikate simu hapo. Mtanie mpaka akuonyeshe sahani.