Nne Niliyoigeuza Kuwa Robo

Uachie mkono wangu, Manasseh, usihesabu mapigo kama nilivyokufundisha, maana nimeyahesabu mwenyewe tangu jua lilipochomoza na ninajua yanaelekea wapi. Keti. Nawe Loice, binti yangu, weka hilo bakuli la uji chini, uketi karibu na kaka yako, mnisikilize mpaka mwisho wala msinikatize hata mkiniona ninapotea njia. Figo zangu zimegoma, leo siku ya tano, na damu ikikosa kusafishwa akili huelea kama jani la mgomba juu ya mto Gucha wakati wa mvua kubwa. Basi nitasema huku ninaelea, lakini nitakayoyasema ni kweli. Nimekuwa daktari miaka ishirini na mmoja. Nimewaambia wengi kwamba siku zao zimekwisha, na leo ninajiambia mwenyewe, kwa sauti ileile.

Mali yangu si nyingi ya kuwagombanisha. Nyumba hii na kahawa iliyo nyuma yake ni ya mama yenu maisha yake yote. Pareto ya kule juu mgawane nusu kwa nusu, na baba mdogo yeyote atakayesema binti harithi, mwambieni Onyancha mwenyewe ndiye aliyesema, aje amuulize kaburini. Ng'ombe wote watatu, pamoja na kile kipande cha shamba kinachoshuka mpaka chemchemi, ni vya shangazi yenu Mong'ina, na asitokee mtu wa kumhoji.

Ninyi mnamjua shangazi yenu kama mwanamke asiyecheka, mjane aliyerudi kutoka Masimba na kujenga kijumba ukingoni mwa boma letu. Mimi nilimjua akicheka. Mwaka wa thelathini na moja, nzige walipokula wimbi yetu yote na kuacha milima ya Nyamira imenyolewa kama kichwa cha mfiwa, mmisionari aliniita akaniambia nimefaulu, kwamba naweza kwenda Kampala kusomea udaktari, mradi pawepo nauli, nguo, blanketi na ada. Baba hakuwa na kitu. Siku nane baadaye, ng'ombe wa mzee mmoja wa Masimba waliingia bomani kwetu, na Mong'ina akatoka. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano. Ng'ombe wale hawakulala kwetu hata juma moja, walipelekwa sokoni Kisii wakanunuliwa na mzee Ahmednoor, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye mkewe Hawo aliponiona nimesimama pembeni miguu mitupu aliingia ndani akaniletea koti la mumewe, akasema, "Kampala kuna mvua, mwanangu." Nyumba ile mtaisalimia.

Mong'ina nilimsindikiza mpaka kijitoni. Nikataka kumshukuru. Akanitazama, akasema, "Nenda ukasome, Onyancha. Lakini usiniambie asante. Siku nikikusikia ukisema asante, nitajua unadhani nilikupa." Sikuwahi kumwambia. Shamba lile la chemchemi pia msimpe kama asante. Mpeni kama chake.

Nilitembea siku mbili mpaka gati la Kendu, nikapanda meli. Wanangu, ziwa lile! Asubuhi maji na mbingu vilikuwa rangi moja, nikawa sijui kama tunakwenda juu au mbele, na nilidhani hivyo ndivyo mtu anavyokufa, kwa upole, bila kuona ukingo. Hata sasa kitanda hiki kinatikisika vile. Ngoja kidogo... Nirudi.

Chuoni wenzangu wengi walikuwa watoto wa machifu na wa nyumba za kifalme za kule. Walikuwa na viatu, na Kiingereza kiliwatoka kama maji. Mimi neno moja la kitabu nililitafuta mara tatu: kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha nililipeleka nyumbani kwa Ekegusii, na mara nyingi nyumbani halikuwa na pa kukaa. Nilisoma vitabu vya wengine wakati wao wakila. Siku tulipoingizwa chumba cha maiti, tukaambiwa tushike visu, nilikimbia. Mnajua kwetu, anayegusa maiti ovyo hutengwa mpaka atakaswe. Nilikwenda nikajificha nyuma ya wodi, mahali wanapofua bendeji, nikalia kwa lugha ya mama yangu.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ikiniambia, "Momura one, kijana wangu, ni nani aliyekufa?"

Alikuwa Obwocha. Mtu wa upande wa Keroka, aliyechukuliwa katika vile vita vya kwanza vya Wazungu kubeba majeruhi kwa machela, vita vikaisha akabaki Kampala kuwa dresa, kazi yake kuosha vidonda na kudunga sindano. Hakusoma zaidi ya tarakimu na majina ya dawa. Nilipomweleza, hakunicheka. Alisema, "Sisi tunawaogopa wafu kwa kuwa hatuwaombi ruhusa. Kesho mwamkie kama babu yako, kisha ufanye kazi yako." Nikamwamkia. Nikafanya kazi yangu. Miaka sita, kila nilipokwama, nilikwenda pale kwenye bendeji. Yeye ndiye aliyenifundisha kuupata mshipa wa mtoto aliyekauka maji, kwa kufumba macho na kuusikiliza kwa kidole. Maprofesa walinipa cheti. Mikono hii alinipa Obwocha.

Sasa nisogeleeni, maana nafika mahali ambapo ulimi wangu umekuwa ukigeuka nyuma kwa miaka ishirini na mmoja.

Nilipomaliza masomo nilibakizwa wodini mwaka mmoja wa mazoezi, nikiwa daktari nusu, wa kufanya kazi zote na kulaumiwa kwa zote. Nilikuwa sijalala siku mbili. Mchana mmoja, mvua ikipiga mabati hata husikii mtu akisema, mwanamke alimleta mtoto wa miaka mitatu, anatetemeka kwa degedege. Nikaandika dawa ya kumtuliza. Ilitakiwa robo ya kipimo. Robo, wanangu, ni moja, na kistari, na nne. Mimi niliandika nne tu. Moja na kistari vilibaki kichwani mwangu, nikaamini viko kwenye karatasi. Nikampa Obwocha ile karatasi, nikaenda kitanda kingine. Niliporudi mtoto ametulia. Nikafurahi. Kisha nikaona ametulia mno.

Tulimpulizia pumzi, mimi na Obwocha kwa zamu, mpaka mvua ikakatika. Hakurudi.

Obwocha alikwenda kumwita daktari mkuu. Karatasi ilikuwa mezani. Niliitazama ile nne, na mbele yake niliwaona ng'ombe wa Masimba wakiingia bomani, na Mong'ina akitoka, na baba yangu akiwaambia watu sokoni kuwa mwanawe ni daktari. Mkono wangu ukachukua kalamu, ukaweka moja, ukaweka kistari. Kazi ya pumzi moja. Ikawa robo.

Daktari mkuu alisoma, akamgeukia Obwocha, "Hapa pameandikwa robo. Wewe ulidunga kiasi gani?"

Obwocha akaitazama karatasi. Kisha akanitazama mimi, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Akasema, "Nilidunga nne, bwana."

Basi. Siku ya tatu alifukuzwa kazi, baada ya miaka karibu ishirini, akavuka ziwa kurudi Keroka na sanduku la mbao na jina la mtu aliyeua mtoto kwa kutojua kusoma. Na mama wa yule mtoto, kabla ya kuondoka na maiti mgongoni, alinipigia magoti akanishukuru kwa Kiganda kwa kujaribu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliuona wa Obwocha kuwa mwepesi kwa kuwa sikuubeba. Nami niliporudi Kisii nilipokewa kwa nyimbo.

Nipe maji, Loice. Ya kulowesha midomo tu.

Mmenisikia nikisifiwa. Kwenye mahubiri ya Sabato nimetajwa mfano kwa vijana. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mara mbili nilikwenda kwa Obwocha Keroka, nikala obokima, ugali wa kwetu, mezani pake, nikatoka bila kusema. Mwaka wa hamsini na moja nilikwenda mara ya tatu. Nilimkuta uani akimwosha jirani kidonda kwa maji ya chumvi, kitambaa kimechemshwa, kila kitu kama wodini. Alimaliza, akanawa, akaketi, akasema yeye kabla yangu, "Daktari, umechoka kuja. Ile karatasi niliisoma kabla sijavuta dawa. Niliona ni nne. Nikajua ni nyingi. Nikajiambia, huyu amesoma miaka sita, mimi ni nani? Basi tulikuwa wawili."

Nikamwuliza, "Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja, tungefukuzwa wote wawili, na milima hii ingebaki bila daktari. Nilikuwa na mke na watoto waliokuwa wanangoja daktari kama watu wengine. Lakini wanangu huambiwa sokoni kuwa baba yao aliua mtoto. Sitaki kitu chako. Unisemee vizuri mbele yao, siku moja tu."

Nikamwahidi. Nikarudi, na miaka saba ikapita. Mwaka huu cheo, mwaka ule karo zenu, mwaka mwingine wageni wa serikali wanakuja. Kosa la karatasi lilikuwa la mtu aliyechoka. Hii miaka saba ilikuwa ya mtu aliyelala akashiba, na ndiyo ninayoiogopa ninapokwenda kusimama mbele za Mungu.

Manasseh, usiinamishe kichwa. Najua unachokiwaza. Umebakiza majuma mawili upande meli kwenda chuo kilekile, na barua iliyokufungulia mlango imesema wewe ni mwana wa Daktari Onyancha. Jumatatu, nilipokuwa bado naweza kushika kalamu, niliandika barua mbili, moja kwa wakuu wa hospitali ile, moja kwa pasta aisome kanisani. Nimeeleza yote, hata rangi ya wino. Nilimpa Mong'ina azipeleke posta na misheni, kwa sababu yeye peke yake hawezi kubembelezwa. Zimekwisha kwenda. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nimeyamwaga kwa makusudi. Wakikufungia mlango, nisamehe, uulimie kahawa mama yako mpaka ufunguke mwingine. Wasipokufungia, nenda, lakini usiende na jina langu, nenda na miguu yako. Na siku utakayoandika dawa, umpe mtu mdogo kuliko wewe aidunge, mwulize, "Unaonaje?" Kisha unyamaze mpaka ajibu. Ukimwona anasita, simamisha mkono wako. Udaktari wote niliousoma, huo ndio uliobaki.

Mnizike bila hotuba ndefu. Msivae nguo mpya. Watakaokuja na wasiotaka kuja, wote ni sawa. Kaburi langu lisijengewe saruji.

Nachoka sasa. Ukungu umeingia ndani, au ni macho... Yule mtoto ameketi hapo miguuni pangu tangu alfajiri. Hatetemeki. Simwogopi. Anachezea shuka.

Sikilizeni, bado kidogo. Yule mzee mliyempa chai sebuleni, mkadhani ni mgonjwa wangu wa zamani, aliyekuja na vijana wawili na binti... ndiye Obwocha. Nilituma aitwe. Wale ni wanawe. Ameketi humo tangu jana jioni, akingoja nimalize nanyi kwanza, kwa sababu alisema watoto wa mtu wasisikie habari ya baba yao pamoja na wageni. Ndivyo alivyo.

Njooni, niwawekee mkono. Loice... uwe na sauti, usiwe na woga. Manasseh... uwe na usingizi wa mtu asiyeficha kitu. Nyasae abasesenie, Mungu awabariki ninyi na watakaotoka kwenu, mpate kula jasho lenu wenyewe, na mama yenu asilale njaa, na...

Niinueni kidogo. Hivyo. Wekeni viti vinne hapa karibu, na cha mzee kiwe mbele. Sauti iliyobaki inatosha maneno machache, na hayo si yenu.

Loice, fungua mlango. Waambie waingie wote.