Beti Kumi na Nane za Bibi Ristana

Risala ya wakazi wa Palia Vrisi, mkoa wa Florina, Ugiriki, siku ya Mtakatifu Paraskevi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Mkoa, Baba Padri, wanabendi wetu, wazee, akina mama na vijana:

KARIBU
Umefika, na tumefurahi kweli. Shada la pilipili nyekundu ulilovikwa limetungwa na Bibi Ristana, yule mwenye kitambaa cheusi hapo mbele yako. Ana miaka themanini na sita. Risala hii inamhusu yeye, ingawa hatukumwambia, maana angetugombeza.

TULIKOTOKA
Nyumbani tunaongea lugha ya mama zetu, ya Kislavoni. Kigiriki tunakijua, kama unavyotusikia. Kabla ya vita kuu ya pili, mtu akisikika akiongea lugha yetu alitozwa faini au kunyweshwa mafuta ya nyonyo. Babake Bibi Ristana aliyanywa kwa kosa la kumwita ng'ombe wake. Ng'ombe mwenyewe hakujua Kigiriki, sasa angemwitaje?

Hapo ndipo nyimbo zetu zilipopoteza maneno. Mpaka leo bendi hupiga tarumbeta, nasi hucheza midomo imefungwa. Stavros, mpiga tarumbeta wetu, amepiga wimbo wa bibi harusi miaka ishirini, na ni miaka mitano tu iliyopita ndipo alipomwuliza Bibi, "Kumbe huu una maneno?"

"Una beti kumi na nane, we tarumbeta tupu!"

MAFANIKIO
Bendi yetu ina watu kumi na mmoja na hualikwa hadi vijiji vya mbali. Vijana wetu wamelitumikia jeshi la nchi hii, na majina ya waliokufa yako kwenye mnara uliouwekea maua asubuhi.

CHANGAMOTO
Mashimo ya barabara umeyaonja mwenyewe kwa kiuno chako, hatuna haja ya kuyasoma.

Lakini Mheshimiwa, lipo jambo linalotukaa kooni. Miaka minne iliyopita, kwenye uwanja huuhuu, Bibi Ristana alishindwa kujizuia. Bendi ilipopiga wimbo ule, akaimba ubeti wa kwanza, pale bibi harusi anapomuaga mamake. Mgeni rasmi wa siku ile, aliposikia lugha yetu, aliinuka kabla ubeti haujaisha, gari likawashwa. Barabara aliyotuahidi ikaondoka naye.

Kesho yake tulimwendea Bibi, kamati nzima. Hakuna polisi aliyetutuma. Tulikwenda kwa miguu yetu.

"Bibi, tafadhali, usiimbe tena mbele ya wageni. Tunaihitaji barabara."

Akatutazama mmoja mmoja. "Mashimo yote yale, mkaona la kuziba ni kinywa changu?"

Aibu ilitushika, lakini hatukumwomba radhi. Tangu siku hiyo hajaimba, hata jikoni kwake. Leo tunasema mbele ya watu wote: Bibi Ristana, tulikukosea. Utusamehe.

Mwaka huu daktari amesema moyo wake umechoka. Sisi tunajua beti mbili tu. Kumi na sita anazo yeye.

MAOMBI
Tulikuwa tumeandika maombi sita. Jana Stavros alichukua kalamu akafuta matano, barabara ikiwemo. Tukamrukia. Akasema, "Mkiomba vyote, atachagua barabara." Tukamwachia kalamu, maana ni kweli.

Hatuombi mpaka wa nchi usogezwe hata unyayo, ingawa lugha yetu inasemwa ng'ambo yake pia. Sisi ni raia hapa, na hapa tutazikwa. Tunaomba hivi: risala ikiisha, bendi itapiga wimbo wa bibi harusi, na Bibi Ristana, kama moyo wake utapenda, ataimba kwa maneno. Tunakuomba usiinuke. Hutayaelewa, na mengi yake hata sisi tutakuwa tunayasikia kwa mara ya kwanza. Kaa nasi mpaka ubeti wa kumi na nane. Barabara itasubiri, imeshazoea.

Mtakatifu Paraskevi, mponya macho, akuangazie njia na akufikishe salama kwa wanao.

Ni sisi, wakazi wa Palia Vrisi, kijiji ambacho nyumbani tunakiita Stara Cheshma.

Bibi Ristana, midomo yetu imefunguliwa. Anza, tutakufuata.