Msimtume Tena

Sogeeni karibu, wanangu, na hiyo redio izimeni, maana sauti iliyonibakia ni kidogo na sina nguvu ya kuigombania na mtangazaji. Wewe mkubwa, kaa kwenye kile kiti cha wateja. Wewe wa kati, kaa unapotaka, ila usisimame mlangoni kama mtu anayesubiri gari. Na wewe kitinda mimba wangu, kaa hapa kitandani, miguuni pangu, na lolote utakalolisikia leo liache likupite, usilibebe kulipeleka kwa mtu. Mnadhani sikusikia daktari alivyowaambia pale nje. Nilisikia. Fundi cherehani aliyekaa miaka arobaini kwenye kelele za mashine mbili hujifunza kusikia maneno yanayosemwa chini chini, na hayo ya daktari hayakunishtua. Kilichonishtua ni kwamba baada ya daktari kuondoka, nyinyi wawili hamkuambiana hata neno moja.

Nianze na mali, ili mwenye haraka na mali atulie. Nyumba hii ni yenu nyote watatu na haiuzwi. Chumba cha nyuma, chenye mlango wake wa uani, ni cha mdogo wenu, na ufunguo ni mmoja, ni wake, asitokee mtu wa kuchonga mwingine. Duka liuzwe pamoja na meza ya kukatia na mashine zote mbili, na kitakachopatikana kimtibu yeye kwanza. Mkasi wangu mkubwa mpeni fundi yeyote mnayemjua anayeweza kusema samahani, na mkimkosa, utupeni.

Sasa sikilizeni habari ya mkasi huo, kwa sababu mmekua mkiijua nusu, na hiyo nusu niliwapa mimi, nayo ilikuwa ya uongo.

Mnajua kwamba dukani mimi nilikata na mama yenu alishona. Alikaa upande wa dirisha, mimi nikasimama mezani, katikati yetu pakawa na hatua tatu. Siku moja alikuja bwana harusi kuchukua koti lake. Kulivaa, mikono ikaishia juu ya kifundo cha mkono, inchi mbili nzima zimepotea, na harusi ni kesho yake. Kosa lilikuwa langu. Vipimo niliandika mwenyewe kwa chaki, na nilipokata akili yangu ilikuwa kwingine. Lakini yule bwana alinitazama kwa hasira, duka limejaa watu, nami nikanyoosha kidole kuelekea dirishani nikasema, "Mke wangu ndiye aliyeandika vipimo." Mama yenu hakubisha. Alifungua mishono ya ile mikono, akatoa kitambaa kwenye pindo za ndani, akaungaunga mpaka koti likavalika. Wateja walipoondoka akaniambia, "Siku utakayowaambia watu kwamba kosa lilikuwa lako, siku hiyo ndiyo nitakayokujibu tena." Hakupaza sauti hata kidogo.

Nikasema moyoni, huyu atachoka. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi msemo ule nikaufanya kichaka cha kujifichia, kwamba nanyamaza kwa hekima, kumbe nanyamaza kwa kiburi. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Lakini kazi haisubiri walionuniana, na mtu anayekata hawezi kufanya kazi na mtu anayeshona bila kusema naye. Wewe mkubwa ulikuwa umeshakwenda kujifunza umeme, wa kati ulikuwa shule ya bweni. Aliyebaki dukani ni huyu, wa miaka saba, anacheza na vifungo chini ya meza. Nikamwambia, "Mwambie mama yako kiuno ni thelathini na mbili." Akatembea zile hatua tatu akamwambia. Mama yenu akasema, "Mwambie baba yako bitana imekwisha." Akarudi hatua tatu akaniambia.

Ndivyo tulivyoishi miaka kumi na minane.

Mafundi wa jirani walimwita Tarishi, na sisi tukacheka tukalichukua jina. Alikuwa hodari sana. Hakusahau kipimo hata kimoja. Tena alijifunza kutupunguzia makali. Mimi nilimpa neno chungu, kwa mama yake likafika limelainika, naye alinirudishia la mama yake likiwa limepigwa pasi. Sikujua kwamba yale makali hayakuwa yakipotea njiani. Yalikuwa yanabaki kwake. Watu wakija dukani walisifu: nyumba ile tulivu, hamsikii hata ugomvi. Na mimi nilitikisa kichwa kwa kuridhika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanangu, na mshindo wetu ulikuwa unamlia kichwani mtoto wa watu wawili wazima.

Nipeni muda nivute pumzi.

Mama yenu alipougua, alilala humu na mimi nikahamia dukani. Nilikuja kila siku mpaka mlangoni, sikuvuka. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, maneno mawili, nilikosea mimi, na kila siku nilisema kesho. Adhuhuri ile nilikuwa nimekaa uani. Huyu akatoka akaniambia, "Baba, mama anauliza kama umekula." Sikuwa nimekula tangu jana yake. Nikajibu, "Mwambie nimekula." Akaingia. Alipofika kitandani mama yake alikuwa ameshakata roho.

Hamkuwepo. Mliambiwa mdogo wenu alipiga kelele akaanguka. Hakupiga kelele. Nilimkuta ameshika nguzo ya kitanda, anamwambia maiti, "Amesema amekula. Mama, amesema amekula." Tukazika, anasema. Tukarudi, anasema. Alilala akisema, akiamka anaendelea pale pale. Alikuwa na jibu mkononi na wa kumpa hayupo, na jibu lenyewe lilikuwa uongo, na nadhani alilijua hilo, kwa sababu alilijua tumbo langu kuliko nilivyolijua mimi.

Na mimi baba yenu nilifanya nini? Nilimficha. Miezi miwili nilimfungia chumba cha nyuma, nikawaambia wateja amesafiri. Jirani mmoja alisema amechezewa, mwingine akasema ni wivu wa watu, nikayasikiliza yote mawili kwa hamu, maana kila moja lilikuwa linanitoa mimi kwenye hatia. Mficha maradhi kilio humfichua. Alipoacha kula kabisa ndipo nikampeleka hospitali, amebaki mifupa, nimemfunika shuka kichwani ili asionekane barabarani. Muuguzi wa kitengo cha wagonjwa wa akili, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akamfunua shuka akamuuliza, "Binti yangu, wewe unajisikiaje?" Huyu akamjibu, "Nimwambie nani?"

Muuguzi akaweka kalamu chini. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Walimpa dawa, wakampa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki, na kazi yake ilikuwa moja: aseme jambo lake mwenyewe, lisilotoka kwa mtu wala lisiloenda kwa mtu. Wiki sita nilimsubiri kwenye benchi la nje. Wiki ya saba nikamsikia kwa ndani anasema, "Mimi sipendi sukari kwenye chai." Miaka ishirini na mitano tulimtilia vijiko viwili, wanangu, hakuna aliyemuuliza. Nililia kwenye lile benchi mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Akapata nafuu. Mlimwona. Alirudi dukani akawa anatoboa matundu ya vifungo, anacheka na wateja, analala usingizi wake. Mwaka mzima. Halafu nikaanguka mimi, na nyinyi mkagombana zamu ya kunitunza. Sitaki kujua nani alianza. Ninachojua ni kwamba simu zenu zilikuwa zinakuja kwake. Mwambie kaka yako zamu yake imefika. Mwambie huyo mimi si mfanyakazi wake. Mwambie, mwambie, mwambie. Nilikuwa nimelala hapa hapa, namwona anavyoshika simu kwa mikono miwili, anavyosogeza midomo kupanga maneno yasimuumize anayepelekewa. Nilitaka kupiga kelele na kifua kikakataa. Sasa ni miezi mitano hajalala vizuri, na jana nimemsikia anakoroga chai, anatia sukari.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nyinyi wawili sikuwafunza kunyamaziana, mliniona tu, na mmeiva kuliko mwalimu wenu.

Kwa hiyo nasema mbele yenu, ingawa wa kuambiwa ameoza chini ya ardhi: koti lile nililiharibu mimi. Vipimo niliandika mimi. Mama yenu hakukosea hata siku moja. Mmeona ni maneno machache kiasi gani. Hayajanipunguzia chochote. Nilidhani nikiyasema nitasikia wepesi, sisikii kitu.

Basi shikeni haya. Kila Alhamisi ya pili ana siku yake hospitali. Mmoja wenu aende naye, akae kwenye benchi, asimharakishe. Dawa anameza baada ya kula, na akisema zinamchosha msimwambie ajikaze. Mpelekeni akamwambie daktari. Asipotaka kusema, kaeni naye bila kusema, ila huko kuwe ni kukaa, si kununa, na tofauti yake yeye anaijua kuliko mtu yeyote. Mkikasirikiana, gombaneni. Tukaneni mkitaka, uso kwa uso, majirani wasikie, kisha yaishe. Jina lile la Tarishi life na mimi. Mwiteni "mdogo wangu". Na msimtume tena. Hata chumvi msimtume. Siku ya kunizika asisimame mtu akaniita mpole, maana watasema hivyo, wamenisikia miaka yote sipigi kelele. Semeni mlizika fundi aliyekata vibaya.

Kiburi changu mmekirithi bila wosia, na sina la kuwafanya. Mungu awape nyinyi wawili ulimi mwepesi wa kukiri kosa. Wewe binti yangu, nakuombea usingizi... usingizi tu, mengine sithubutu kuomba.

Koo limekauka. Wewe mkubwa, jagi la maji liko karibu na mdogo wako wa kati, pale dirishani alipokaa. Muombe akupe, uninyweshe. Muombe mwenyewe, kwa kinywa chako. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwenu, nalo ni dogo.

Nasubiri.

Sioni vizuri sasa, lakini nasikia. Nasikia kiti kinalia. Nasikia mmoja anakohoa.

Nani amesema? Rudia... Hapana, usirudie. Nimesikia. Wewe mkubwa umesema, "Tarishi, mwambie huyo alete maji."

Na yeye hajainuka. Nahisi uzito wake bado uko hapa miguuni. Kitanda hakijatikisika. Na wa dirishani naye... kimya. Amesikia, hatua tatu tu, anangoja aletewe.

Basi, acheni. Acheni maji.

Kaa hapo hapo, mwanangu. Usiinuke. Kiu hii... ni yangu.