Historia ya Melkizedeki Ntandu, Fundi wa Magitaa ya Koni

Mchungaji, wazee wa Mtinko, nanyi nyote mlioacha mashamba na mifugo mkaja kukaa na sisi, mimi ni Calist, mdogo wa marehemu, wazee wa ukoo wamenipa karatasi hii wakaniagiza niseme kaka alifariki kwa ajali, lakini sitasema hivyo, kaka aliuawa kwa kipigo, na baadhi ya waliompiga wamo humu humu msibani, wamekula ugali wetu, na shemeji yangu Joyce anauliza tangu Jumamosi ni akina nani, hakuna anayemjibu.

Melkizedeki Samweli Ntandu alizaliwa hapa Mtinko tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa kwanza wa mzee Samweli na mama Anastazia, alianza shule ya msingi mwaka 1987 akamaliza mwaka 1993, gitaa lake la kwanza alilitengeneza kwa dumu la mafuta akiwa darasa la tano, baba akalivunjia mgongoni mwake mpaka damu ikalowesha shati la shule, akisema hataki mtu wa vilabuni nyumbani kwake, na kesho yake kaka akaanza kutengeneza lingine.

Mwaka 1997 alikwenda Misigiri kujifunza useremala, huko akaona gitaa la mbao halisikiki kwenye sherehe ya watu mia mbili pasipo na umeme, basi akawa anakata tako la sufuria kuukuu, analigonga kwa nyundo ndogo juu ya kalibu ya mti mpaka linakuwa koni nyembamba, anatoboa tundu kubwa kifuani mwa gitaa, anaiweka koni humo, nyuzi zinaikandamiza nchani kupitia kijiti, kisha anaifunika kwa bati lenye matundu, na gitaa likipigwa linasikika ng'ambo ya mto. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, hasira alikuwa nazo, mwaka 2011 alimvunja taya mteja aliyeibonyeza koni kwa kidole gumba ikapinda, akakaa mahabusu wiki mbili, alipotoka hakuomba radhi.

Alifunga ndoa na Joyce tarehe 7 Oktoba 2006, wakajaliwa watoto watatu, Benson, Lucy na Deo, na hao hakuwahi kuwagusa hata kwa kofi.

Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025 alipeleka magitaa matatu mnadani Nduguti, siku mbili nyuma spika ya kanisa moja la huko ilikuwa imepotea, mnunuzi mmoja akafungua bati la gitaa, akaona koni inang'aa ndani kama ya spika, akapiga kelele kwamba spika imepatikana, kaka akaeleza kuwa koni ameigonga mwenyewe, akaomba aletewe sufuria na nyundo awaonyeshe, hawakungoja, walimpiga kwa fimbo za kuchungia na kwa mawe, wakampasulia magitaa yote matatu kichwani, wakamkanyaga mkono wa kazi mpaka mfupa ukatoka nje. Jumatatu spika ikaonekana kwa fundi redio, katibu wa kwaya ndiye aliyeipeleka itengenezwe, akasahau kumwambia mtu, jamani, alisahau tu.

Alilazwa akiwa na mbavu sita zilizovunjika na ufa kwenye fuvu, akafariki Jumatano tarehe 13 Agosti, saa nne asubuhi. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomshonashona bila kuchoka, majirani waliochimba kaburi, na mafundi wenzake wa Misigiri waliolitengeneza jeneza hili kwa mikono yao.

Sasa nimjibu shemeji. Mimi nilikuwepo mnadani, nilikwenda naye, watu walipoanza kuulizana mwizi huyu amekuja na nani, macho yakanigeukia, nikaogopa, nikasema simjui, na ili waniamini nikaokota jiwe nikamrushia, likampata juu ya jicho, naye alikuwa ananitazama. Hospitalini aliniambia neno moja tu, "Calist, Joyce asijue," nami nimejaribu siku zote hizi, nimeshindwa.

Afande aliyesimama pale mlangoni nimemwita mwenyewe, nitamwandikia majina tisa ninayoyajua, la kwanza ni langu, na ninaomba nikishuka hapa mtu mwingine anishikie upande wangu wa jeneza. Pumzika kwa amani, kaka, mimi sistahili kukubeba.